Boksi la Pili

Kutoka kwenye Luku hadi mlangoni kwako, Nyamizi,
ni hatua kumi na tisa za mtu asiyebeba kitu.
Lakini waya hauruki mawe, na Igogo ni mawe.
Fundi Magesa alilala kifudifudi, akachungulia chini ya lile jabali
ambalo baba alishindwa kulipasua, akajenga kulizunguka.
Akasema: mita ishirini na sita, na mbili za kukunja ndani ya boksi,
maana waya uliobanwa shingo haudumu.

Nimeandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

Pasi moja. Birika moja.
Friji, ambayo ikiamka huvuta kwa pupa
kisha hutulia kama mgeni aliyepewa kiti.
Taa nne, na ya tano chooni, mama kasisitiza.
Mashine yako ya kutotolesha.
"Vipi kati ya hivi vitawaka kwa pamoja?"
Kalamu ya fundi imesimama hewani.
Nikasema sijui.
Katika boma hili, nani amewahi kupanga
chochote kiwake kwa pamoja?

Umeme nao huchoka njiani, alinieleza,
kama mtu anayepandisha ndoo kutoka bombani kule chini:
njia ikiwa ndefu na nyembamba,
anafika juu, nusu ya maji imebaki kwenye mawe.
"Waya wa sita unatosha. Wa kumi ni wa mtu anayeota."
Nilihesabu noti mara mbili.
Nikaandika kumi.

Miaka mitatu tumeishi kwa ule waya wa dirishani,
wa kahawia, uliopita juu ya kamba ya nguo,
umefungwa utepe mweusi kila mahali ulipojeruhiwa.
Ukiugusa jioni una joto, kama paji la mtoto mwenye homa.
Tuliuita udugu.
Na yuniti zikiisha, kila mmoja alijua nani kazila.

Siku ya kumi na nane ya mayai yako,
mayai themanini na manane, uliyoyageuza kwa mkono
asubuhi, adhuhuri, usiku,
mtu alichomoa plagi yako apate pa kuchomeka pasi.
Sare ya shule. Dakika kumi tu.
Mtu huyo alikunja sare, akazima taa, akalala.
Usiku huo upepo wa ziwani ulikuwa na baridi.
Baada ya siku tano ukayavunja moja moja kwenye karai,
na vifaranga walikuwa tayari na manyoya.
Hukuuliza. Ulichukua jembe, ukaenda nyuma ya mpapai.

Mtu huyo ndiye aliyeandika kumi.

Breka yako itakuwa ndogo kuliko ya kwangu, usikasirike.
Ndiyo inayotakiwa ianguke kwanza,
ili hitilafu ya huku isizime kule,
na swichi kuu ya boksi lako itakaa ndani kwako,
kwenye usawa wa macho yako, si yangu.
Fundi alitaka kuandika NYUMA juu ya breka ninayokaa nayo mimi.
Nikamwambia una jina.

Kilichobaki ni erthi.
Tangu saa nne anaigonga ile nondo ya shaba.
Pale ukutani: jiwe. Pembeni ya karo: kiganja kimoja, jiwe.
Mlio unakwenda mpaka kwa majirani,
wanadhani tunapasua kokoto za kuuza.
Akafuta jasho, akasema mlima huu haupokei kitu.

Ndipo ukatoka, kanga begani, mikono ina unga.
Ulimtazama yeye, hukunitazama mimi.
"Jaribu nyuma ya mpapai," ukasema.
"Hapo udongo ni laini. Nilishauchimba."